Kipimo kinaniambia hewa ni chafu. Mwenye moshi ni nani?

Mfuata Upepo (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Naanza kwa kukiri kosa. Nilinunua kihisi kidogo cha chembechembe za hewani, vile vyenye feni na mwale wa leza ndani, nikakitundika nje ya dirisha. Wiki mbili baadaye nilikuwa na grafu ya kujivunia: kila alfajiri mstari unapanda kama mlima, ikifika saa tatu asubuhi unashuka, mchana umelala. Mashariki ya nyumba yangu kuna kiwanda chenye bomba refu. Nikaona kesi imekwisha. Nikaandika barua kali, nikaambatanisha grafu, nikaanza kupita kwa majirani nikitafuta saini.

Kabla sijaipeleka, jamaa mmoja anayefanya kazi za vipimo akaniuliza maswali mawili tu. Alfajiri hizo upepo ulitoka upande gani? Na unyevu hewani ulikuwa asilimia ngapi? Sikuwa na jibu hata moja. Nilipochimba takwimu za kituo cha hali ya hewa nikakuta siku nyingi alfajiri upepo ulikuwa umetulia tuli, na siku ulipovuma ulitoka kwangu kwenda kiwandani. Unyevu ulipita asilimia 90. Sehemu ya "moshi" wangu ilikuwa ukungu mtupu, na uliobaki ni moshi wa mtaa mzima, wa majiko na magari, uliofungiwa chini na baridi ya usiku. Barua nikaichana. Sisemi kiwanda ni malaika. Nasema grafu yangu haikuwa na haki ya kukitaja.

Ndiyo asili ya uzi huu. Kipimo kinakupa kiasi, hakikupi jina. Na afya ya watu inategemea jina, maana huwezi kuzima "hewa chafu", unazima jiko fulani, injini fulani, tanuru fulani.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Chembechembe za hewani ni kitu chochote kigumu au tone lolote dogo kiasi cha kuelea: vumbi, masizi, chumvi ya bahari, chavua, vitone vya tindikali. PM10 ni zile za kipenyo cha mikromita 10 kushuka chini, PM2.5 ni za mikromita 2.5 kushuka chini. Unywele wa kichwa una unene wa mikromita kama 70, kwa hiyo hata ile kubwa kuliko zote katika kundi la PM2.5 ungeweza kuzipanga karibu 30 zikatoshea kwenye unene wa unywele mmoja.

Ukubwa ndio unaoamua chembe itaishi muda gani. Zile nene huanguka zenyewe baada ya saa chache. Zile ndogo mno, chini ya mikromita 0.1, hugongana na kushikamana zikawa kubwa. Zenye shida ni za katikati, kati ya 0.1 na 1: hazianguki upesi, hazishikamani upesi, zinaelea siku kadhaa na pengine zaidi ya wiki mpaka mvua izikute. Siku tano za upepo ni maelfu ya kilomita. Chembe iliyomo puani mwako sasa hivi huenda ilizaliwa nchi nyingine.

Halafu kuna jambo ambalo mimi mwenyewe lilinichukua muda kulikubali. Sehemu kubwa ya PM2.5 haikutoka kwenye bomba lolote ikiwa chembe. Ilitoka ikiwa gesi. Salfa ya makaa ya mawe na mafuta mazito hutoka kama gesi, ikikaa hewani inageuka kuwa salfeti. Gesi za naitrojeni za injini zikikutana na amonia inayotoka kwenye samadi na mbolea zinafanya naitreti ya amonia, ambayo ni chembe kamili. Hapo baba ni dizeli na mama ni zizi la ng'ombe, na mtoto amezaliwa njiani kilomita nyingi kutoka kwa wote wawili. Mshtaki nani?

Naendelea chini, ngoja nipumzishe vidole.

---

Kiti cha Mbele

Nimeweka kambi hapa. Tiririka mkuu.

---

Kichwa Ngumu

Mkuu umeandika vizuri, ila nina swali la mtu wa kawaida. Binadamu amepikia kuni tangu dunia iumbwe na tupo. Leo mtu ananunua kimashine, anaona namba nyekundu, anaanza kukohoa. Hizi namba zimepangwa na nani?

---

Mfuata Upepo

Kichwa Ngumu, swali lako nitalirudia, na bahati nzuri humu kuna watu wa hospitali. Kwa ufupi: Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2021 lilishusha kiwango chake cha PM2.5 kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo, wastani wa mwaka. Kwa siku moja ni 15. Karibu kila mtu duniani, asilimia 99, anaishi mahali panapozidi kiwango hicho. Kwa hiyo hapana, namba haikupangwa kumfurahisha mtu.

Turudi kwenye kumtafuta mwenye moshi. Njia kongwe ni kusoma alama za vidole, maana kila kinachoungua au kusagika kinaacha kitu chake ndani ya chembe.

Kuni, majani, na kila mmea ukiungua, ile selulosi yake inavunjika na kuacha sukari moja inayoitwa levoglukosani. Petroli na dizeli haziwezi kuitoa. Ukiikuta kwa wingi kwenye kichujio kilichonasa chembe za hewa, kuna mtu kachoma mti au shamba. Mafuta mazito ya meli yanaacha vanadiamu na nikeli. Vumbi la ardhi linakuja na silikoni, alumini na kalisiamu. Breki za magari zinaacha bariamu, shaba na antimoni, tairi zinaacha zinki. Ndiyo, hata gari la umeme. Bomba la moshi limeondoka lakini tairi bado inasagika barabarani.

Utamu wa kazi hii ni kwamba alama zenyewe zinabadilika. Kwa miaka mingi, madini ya risasi hewani yalikuwa saini ya magari, kwa sababu yaliwekwa ndani ya petroli. Nchi ya mwisho kuacha kuuza petroli hiyo kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Saini imefutika, na ni heri ifutike. Meli nazo: tarehe 1 Januari 2020 kiwango cha juu cha salfa katika mafuta yake kilishushwa duniani kote kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5. Salfa ikapungua, na vanadiamu nayo ikapungua pamoja nayo kwenye mafuta mengi. Watu waliozoea kuhesabu moshi wa meli kwa vanadiamu ikabidi warudi darasani.

Ninayoipenda kuliko zote ni kaboni 14, aina ya kaboni yenye mionzi. Kitu kilichokuwa hai juzi, kama mti au mafuta ya kupikia, kina kaboni 14. Makaa ya mawe na petroli vimekaa ardhini mamilioni ya miaka, na kaboni 14 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka kama 5,730, kwa hiyo ndani yake haijabaki hata chembe. Pima kaboni ya masizi, utajua ni asilimia ngapi imetoka kwenye mimea na ngapi imetoka chini ya ardhi. Hapo ubishi wa "ni kuni" na "ni magari" unapata mwamuzi.

---

Mzani wa Sifuri

Mleta uzi, nakupongeza, ila umeifanya kazi yetu ionekane rahisi kama kusoma gazeti. Mimi ndiye mtu wa kupima vichujio, naomba niongeze tahadhari.

Kipimo cha marejeo, kile ambacho vingine vyote vinalinganishwa nacho, mpaka leo ni mizani. Pampu inavuta lita 16.7 za hewa kila dakika kupitia kichujio, kwa saa 24. Hesabu inakupa mita za ujazo 24. Kama hewa ina mikrogramu 20 kwa mita, siku nzima kichujio kimeongezeka mikrogramu 480. Nusu ya miligramu, wakuu! Alama ya kidole ina uwezo wa kuharibu jibu. Umeme tuli wa nguo zako una uwezo wa kuharibu jibu. Kabla ya kupimwa, kichujio kinalazwa kwenye chumba chenye joto na unyevu usiobadilika, kinapimwa, kinapelekwa kazini, kinarudi, kinalazwa tena, kinapimwa tena. Mtu akipiga chafya karibu na mizani yangu tunanuniana wiki nzima.

Hivyo vihisi vyenu vya leza havipimi uzito. Vinapiga mwanga, vinatazama unavyotawanyika, kisha vinakisia. Chembe za chini ya mikromita 0.3 hivi havizioni vizuri, na masizi mapya ya injini mengi yako huko. Vumbi nene nalo linavipita pembeni. Na chembe za salfeti na naitreti hunywa maji: unyevu ukifika 90 kipenyo kinaweza kukaribia mara mbili, kihisi kinaona jitu, kumbe ni kijana aliyevimba.

La tatu, levoglukosani si shahidi mwaminifu daima. Jua na kemikali za hewani zinaivunja. Moshi uliosafiri siku tatu unaweza kufika umeshaipoteza nyingi, ukadhani kuni hazihusiki.

Na zile hesabu za kugawanya lawama. Unachukua vichujio mia au zaidi, unapima elementi zote, unaiambia kompyuta itafute vitu vinavyopanda na kushuka pamoja. Njia inayotumika sana ilielezwa na watafiti Paatero na Tapper mwaka 1994. Kompyuta inakuletea makundi: kundi la kwanza, la pili, la tatu. Haikuletei majina. Anayeandika "magari" juu ya kundi la pili ni binadamu kama mimi, mara nyingine saa kumi na moja jioni akiwa na njaa. Nimewahi kuona kundi moja likiitwa "kilimo" na mtu mmoja na "vumbi la barabara" na mwingine, takwimu zilezile.

---

Mfuata Upepo

Mzani, hiyo ya mwisho naiba. Umenipa sababu ya kusema kwamba alama za vidole peke yake hazitoshi, lazima uongeze upepo.

Upepo unasomwa kinyumenyume. Unachukua saa ambayo chembe zilifika, unairudisha hewa ile nyuma hatua kwa hatua kwa takwimu za hali ya hewa: saa 6 zilizopita ilikuwa hapa, saa 24 zilizopita ilikuwa pale, siku tatu zilizopita ilikuwa juu ya bahari. Wamarekani wa NOAA, shirika lao la bahari na hali ya hewa, wana programu iitwayo HYSPLIT inayofanya hivyo na mtu yeyote anaweza kuitumia kwenye tovuti yao. Setilaiti zinasaidia: Terra iliyorushwa Desemba 1999 na Aqua ya 2002 zina jicho liitwalo MODIS, linaona hewa imefifia kiasi gani kwa vumbi na moshi, na linaona moto wenyewe.

Mfano unaokumbukwa: asubuhi ya tarehe 28 Aprili 1986, mfanyakazi wa kinu cha nyuklia cha Forsmark, Sweden, alipita kwenye kipimo cha mionzi kikalia. Uchafu ulikuwa kwenye viatu. Wakadhani kinu chao kinavuja. Walipokagua, ndani kulikuwa salama, na uchafu ulikuwa unaingia kutoka nje. Aina za chembe zilionyesha ni kinu kilichopasuka, na upepo uliosomwa kinyumenyume ukaelekea kusini mashariki, Umoja wa Kisovieti. Jioni ya siku hiyohiyo Moscow ikatangaza ajali ya Chernobyl. Zaidi ya kilomita 1,000, na shahidi wa kwanza nje ya mpaka alikuwa soli ya kiatu.

Ukungu wa Aktiki nao ulikuwa fumbo. Marubani wa miaka ya 1950 waliona utando kahawia kaskazini kabisa, mahali pasipo na kiwanda wala barabara. Kwanza ilidhaniwa ni vumbi la majangwa ya Asia, na kweli baadhi ya tabaka lilikuwa vumbi. Lakini mtafiti Kenneth Rahn na wenzake walipopima vanadiamu na manganizi wakakuta uwiano wake unafanana na wa viwanda vya Ulaya na Urusi. Majira ya baridi hewa ya huko inateleza kuelekea kaskazini, mvua ni haba, chembe hazina wa kuziosha. Zinajaa tu.

Si kila kilichosafiri ni uchafu, nisije nikaeleweka vibaya. Mwaka 1832, Charles Darwin akiwa melini karibu na Cape Verde alikusanya vumbi laini la rangi ya kahawia lililonaswa kwenye kitambaa cha kionyesha upepo mlingotini. Mjerumani Ehrenberg akaliweka chini ya hadubini akakuta maganda ya silika ya viumbe wadogo. Leo tunajua chimbuko kubwa mojawapo la vumbi duniani ni bonde la Bodélé, Chad, kitanda cha ziwa kubwa lililokauka, kilichojaa maganda ya namna hiyo. Vumbi la Sahara linavuka Atlantiki mpaka msitu wa Amazon, na kwa makadirio yaliyotolewa na NASA mwaka 2015 linapeleka huko tani kama 22,000 za fosforasi kila mwaka. Mbolea ya bure. Mapafu ya anayeishi njiani hayajali kwamba ni mbolea.

---

Zamu ya Usiku

Salaam wakuu. Mimi ni muuguzi, nimeona swali la Kichwa Ngumu limelala bila jibu.

Ndugu yangu, tupo ni kweli. Lakini wale wasiokuwepo hawaandiki humu. Moshi wa jikoni peke yake WHO inaukadiria kwa vifo vya mapema milioni 3.2 mwaka 2020, hewa ya nje milioni 4.2 mwaka 2019. Watoto wadogo kwa nimonia, wakubwa kwa moyo, kiharusi, mapafu yaliyochoka.

Watu wanashangaa nikisema moyo. Wanadhani moshi ni jambo la kifua. Chembe nene unaipiga chafya, unaikohoa, unaitema. Ile ndogo inashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, mahali ambapo damu na hewa vimetenganishwa na ukuta mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu. Huko hakuna makohozi ya kuisukuma nje. Zinakuja seli za ulinzi wa mwili, zinaimeza, zinashindwa kuisaga, zinapiga kengele. Ile kengele ndiyo uvimbe (wa mwili kujihami, si donge) mnaousikia madaktari wakiutaja. Uvimbe haukai mapafuni, unaingia damuni: damu inakuwa nzito kidogo, mishipa inakaza. Mtu ambaye mishipa yake ilikuwa imebakiza upenyo mdogo, siku hiyo ndiyo siku yake. Cheti kitaandikwa shambulio la moyo. Neno moshi halitaonekana.

Na chembe nyingine zinavuka zenyewe. Mwaka 2019 watafiti wa Hasselt, Ubelgiji, walionyesha kaboni nyeusi, yaani masizi, kwenye kondo la nyuma, upande wa mtoto. Mama ndiye aliyevuta, mtoto akapelekewa.

Saratani je? Shirika la utafiti wa saratani la WHO, IARC, liliweka hewa chafu ya nje kwenye kundi la kwanza la visababishi Oktoba 2013. Kilichonigusa zaidi ni kazi iliyotoka 2023 kuhusu watu wasiovuta sigara. Ilionyesha kwamba chembe hazihitaji kuharibu vinasaba. Mapafu ya mtu mzima tayari yana seli chache zenye kasoro, zimelala tu. Uvimbe unaoletwa na PM2.5 unaziamsha. Fikirieni mbegu iliyokaa ardhini kiangazi chote, halafu anakuja mtu kumwagilia.

---

Kichwa Ngumu

Dada yangu, ahsante kwa upole. (Kama ni kaka nisamehe.) Nimekuelewa kwenye mwili. Lakini kwenye takwimu sijashawishika. Anayeishi kando ya barabara kuu mara nyingi ni maskini. Maskini anakula vibaya, anachelewa hospitali, kazi yake ngumu. Akifa mapema mnasema chembe. Mmejuaje?

---

Mzani wa Sifuri

Hapo sasa. Hilo swali liliwatesa wakubwa kwa miongo.

Jibu la kwanza lilikuja 1993. Watafiti wa Harvard waliwafuatilia watu wazima 8,111 katika miji sita ya Marekani kwa miaka 14 mpaka 16. Walirekodi sigara, uzito, elimu, kazi. Baada ya kuyaondoa hayo yote, mji mchafu kuliko yote, Steubenville, ulikuwa na vifo asilimia 26 zaidi ya Portage iliyokuwa safi. Waliobisha walisema ulichosema wewe, kwa Kiingereza. Takwimu zikapewa wachambuzi wengine kabisa wazihesabu upya, wakapata jibu lilelile.

Lakini mimi si hilo lililonishika. Kuna bonde la Utah, Marekani, lenye kiwanda cha chuma cha Geneva. Agosti 1986 kiwanda kilisimama, kikarudi kazini baada ya miezi 13. Kisa cha kusimama ni ubishi wa wafanyakazi na mwajiri, hakuna aliyefikiria hewa. Mtu maskini alibaki maskini, chakula kilekile, hospitali ileile, na ni bonde ambalo wengi hawavuti sigara kwa sababu ya dini. Mtafiti Arden Pope akaenda kuhesabu vitanda. Watoto wadogo waliolazwa kwa mkamba na pumu walikuwa karibu mara mbili wakati kiwanda kinafanya kazi kuliko kilipozimwa.

Sasa sikiliza hii. Vichujio vya bonde lile vilikuwa vimehifadhiwa. Mtu hakuvitupa! Miaka zaidi ya kumi baadaye, watafiti Ghio na Devlin wakavitoa, wakayeyusha kilichomo kwenye maji, wakaweka kiasi kidogo ndani ya mapafu ya watu waliojitolea. Uzito uleule kwa kila mtu. Waliopewa chembe za miaka ya kiwanda walipata uvimbe zaidi ya waliopewa za mwaka wa kiwanda kuzimwa. Tofauti iliyojitokeza ni madini: chembe za kiwanda zilikuwa na metali nyingi zaidi.

Uzito uleule, madhara tofauti. Hapo ndipo swali la mleta uzi linapokuwa la uzito kuliko alivyoliuliza.

---

Mfuata Upepo

Mzani, nimesimama kupiga makofi, majirani wamesikia.

Ila niseme kitu kwa ajili ya Kichwa Ngumu, maana ubishi wake ni wa afya. Si kila hadithi ya namna hii imebaki imesimama. Dublin walipiga marufuku uuzaji wa makaa ya mawe yenye moshi tarehe 1 Septemba 1990. Moshi mweusi ukashuka kwa karibu asilimia 70, na utafiti wa 2002 ukasema vifo vya mapafu na vya moyo vyote vimeshuka. Baadaye watafiti, wakiwemo baadhi ya waliosaini ule wa kwanza, wakalinganisha na maeneo ya Ireland ambako hakukuwa na marufuku. Vifo vya moyo vilikuwa vinashuka huko pia. Kwa hiyo sifa ya moyo wakaiondoa, ya mapafu ikabaki. Mimi nikiona mtu anarudi kufuta sehemu ya ushindi wake mwenyewe, ndiyo naamini ile iliyobaki.

---

Kichwa Ngumu

Nimenyoosha mikono kwa Utah. Kwa Dublin mmenipa nusu, nashukuru kwa uaminifu.

---

Dirisha la Tatu

Samahani wakuu kuwarudisha chini. Nina kihisi kama cha mleta uzi, kiko chumbani kwangu. Mchana kinasoma 8 mpaka 12. Usiku kuanzia saa nne kinapanda mpaka 300 na kitu, kinashuka alfajiri. Nyumba ya nyuma yetu huwa wanachoma taka. Naomba msaada wa kuandika barua.

---

Mfuata Upepo

Barua tena! Subiri kwanza. Unyevu wa chumbani usiku ni kiasi gani? Madirisha wazi au yamefungwa? Na hao majirani wanachoma saa nne usiku kila siku, hata siku ya mvua?

---

Dirisha la Tatu

Unyevu 60 hivi. Madirisha nafunga kwa sababu ya mbu. Siku za mvua namba ni ileile. Sasa hivi ndiyo naona hilo la mvua.

---

Zamu ya Usiku

Na mbu unawafukuza na nini?

---

Dirisha la Tatu

Dawa ya kuchoma, ile ya mviringo. Naiwasha saa nne.

…

Jamani.

---

Mzani wa Sifuri

Kuna waliopima hizo. Koili moja ikiungua yote kwenye chumba inatoa PM2.5 sawa na sigara 75 mpaka 137, kutegemea aina.

Leo usiku usiwashe, lala kwenye chandarua, kihisi kibaki palepale. Usibadilishe kitu kingine chochote, ili tujue ni nini kilichobadilika.

---

Dirisha la Tatu

Nimeamka. Usiku kucha 11, mara moja 14. Kile cha 14 ni saa kumi na moja, madirisha yamefungwa, hakuna kinachoungua ndani.

---

Mfuata Upepo

Hicho cha 14 sasa ndicho cha nje. Ukipata siku saba mfululizo, niletee na mwelekeo wa upepo.